Bernadina Aliyetufundisha Kubana

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mlioko Shinyanga mjini, mlioko Kahama, Kagongwa na Ushirombo, na ninyi wa machimboni huko Geita ambako redio inashindana na mashine za kusaga mawe, karibuni. Ni mimi Vumilia. Vuteni viti, leo tunamkumbuka mama mmoja.

Jina lake Bernadina. Wengi mlimjua kama Mama Nelly. Alikuwa muuguzi mkunga. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika zahanati moja ndogo upande wa Nyarugusu, kule wanakochimba dhahabu. Alifariki dunia Jumanne, wiki tatu zilizopita, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Ni presha. Ilikuwa saa nne asubuhi, yuko kazini, amevaa sare, kliniki imejaa kina mama. Alisema kichwa kinamgonga. Akaketi. Hakuinuka tena.

Sasa, kabla sijaendelea, nina angalizo. Leo tutazungumzia mwili wa mwanamke. Tutautaja mkojo. Tutaitaja nyonga. Kama umekaa sebuleni na baba mkwe, mmoja wenu aende akaangalie ng'ombe. Mimi sauti sipunguzi. Bernadina hakuipunguza ya kwake, na ndiyo maana kuna wanawake wanamlilia mpaka leo.

Angalizo la pili. Nilipokuwa naandaa kipindi hiki niliongea na mume wa marehemu, Marcel. Niliongea na majirani pia. Lakini aliyenisimulia mengi kuliko wote ni mtu ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini alimwonea Bernadina wivu. Anaitwa Rhoda. Ni mkufunzi katika chuo kimoja cha uuguzi, jina la chuo tuliache. Alikuja mwenyewe studio, akaketi mbele yangu, akasema, "Vumilia, useme yote, na jina langu ulitaje. Ukipunguza hata tone, basi usiseme kabisa." Mimi ni nani nimkatalie? Nayasema yote.

Rhoda na Bernadina walianza chuo mwaka mmoja. Rhoda ametokea Ushirombo, binti wa katekista. Bernadina ametokea Kagongwa, kwa wafugaji. Darasa lao lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja. Rhoda alikuwa wa kwanza. Muhula wa kwanza, wa kwanza. Muhula wa pili, wa kwanza. Bernadina alikuwa wa kumi na saba, siku akijitahidi sana, wa kumi na nne.

Ungedhani mtu wa kwanza hawezi kumwonea wivu mtu wa kumi na saba. Thubutu. Siku moja waliingia pamoja leba kwa mafunzo ya vitendo. Kulikuwa na mama anajifungua mtoto wake wa kwanza, ana uchungu mkali. Rhoda akamsogelea, akamshika mkono vizuri, kama kitabu kinavyosema. Yule mama akauchomoa mkono. Akasema kwa Kisukuma kwamba anamtaka yule mfupi. Yule mfupi alikuwa Bernadina, amesimama pembeni ameshika beseni.

"Nilimpisha," Rhoda aliniambia. "Nilisimama pale nikiwa najua kila mfupa wa nyonga ya yule mama. Kila mfupa, kila msuli. Na yeye alimtaka mtu asiyejua hata nusu."

Ndiyo siku wivu ulipoanza. Wahenga wa kanga walisema, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Rhoda alishiriki.

Wakamaliza chuo. Rhoda akaendelea kusoma. Akapata shahada, akapata ya pili, akarudi chuoni kuwa mkufunzi. Bernadina alipangiwa zahanati ya machimboni, mahali ambapo wauguzi wenzake wakipangiwa huanza kutafuta uhamisho kabla hawajafungua mabegi. Yeye alifungua la kwake. Akaolewa na Marcel, fundi seremala, wakapata watoto wanne.

Kwa hiyo Rhoda alikuwa ameshinda, sivyo? Ana ofisi, ana mlango wenye jina lake. Lakini kila mwaka chuo kilikuwa kinapeleka wanafunzi fildi, wakakae kwenye hospitali na zahanati wajifunze kazi kwa mikono. Watatu hivi walikwenda kwa Bernadina kila awamu. Hapakuwa na nyumba ya wanafunzi, walilala kwake, walikula ugali wake. Na wakirudi chuoni, ilikuwa ni Mama Nelly kasema hivi, Mama Nelly anafanya vile. Rhoda akiwa katikati ya somo anaona mwanafunzi kainua mkono, na roho inamwambia, haya, huyo anakuja na Mama Nelly wake.

Ngoja niwaambie Mama Nelly alikuwa anasema nini.

Kule machimboni wanawake wengi wanatwanga mawe. Siyo mahindi, mawe. Kinu cha chuma, mchi wa chuma, kutwa nzima mpaka jiwe linakuwa unga. Halafu unga unapelekwa mwaloni, kwenye mabwawa ya kuoshea, ndiyo dhahabu itafutwe humo. Mama anajifungua leo, wiki ya tatu au ya nne yuko kwenye kinu. Sasa misuli ile ya chini, inayobeba kibofu na kizazi, wataalamu wanaiita misuli ya sakafu ya nyonga, imechoka. Imevutika wakati wa kuzaa. Na huyu mama anainua chuma. Akiinua, mkojo unatoka. Akikohoa, unatoka. Akicheka, unatoka.

Je, walisema? Hawakusema. Walikuwa na ujanja wao. Kila mwanamke akijisikia amelowa, alikuwa anakwenda mwaloni, anachota maji ya bwawa, anajimwagia kwenye kanga. Basi. Mwaloni kila mtu amelowa, nani atakuuliza? Wauguzi walipita pale miaka na miaka wakitoa elimu ya chanjo, wanaona kanga mbichi, wanasema, maskini, kina mama hawa kazi yao ni ya maji. Wanafunzi waliandika hivyo hivyo kwenye ripoti zao. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wale kina mama walificha na ikakubali.

Mpaka Bernadina alipomwona Mageni. Huyu Mageni ni mtwangaji, mama wa watoto sita, mkazi wa pale pale. Bernadina alikuwa anapita kwenda kumwona mzazi mmoja, akamkuta Mageni anatoka bwawani, kanga inachuruzika. Akasimama. Akamuuliza, "Mama Violeth, wewe si huoshi? Wewe si unatwanga kavu tu?"

Mageni akakamua pindo la kanga.

"Na kinu chako kiko kule juu. Huku majini umefuata nini?"

Mageni aliniambia kwamba alitaka kumtukana. Badala yake akaanza kulia. Akasema, "Mayu, mimi nimekuwa mtoto." Mayu ni mama kwa Kisukuma, mnajua. Bernadina naye akaketi chini, hapo hapo kwenye vumbi la mawe, na sare yake nyeupe. Akasema, "Hujawa mtoto. Misuli imelegea. Tutaifundisha kazi upya."

Na alivyowafundisha, wasikilizaji, hakuna kitabu kinachofundisha vile. Hakuwaambia habari ya misuli ya jina gani. Aliwaambia, "Uko mbele ya mama mkwe. Hewa inataka kutoka. Utafanyaje?" Wanawake wakavunjika mbavu. "Haya, bana hivyo hivyo. Makalio usiyakaze. Tumbo usilikaze. Pumzi usiizuie. Bana huko chini, kama unavuta kitu kukipandisha ndani, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, pumzika. Misuli nayo inachoka." Halafu akawahamishia kwenye mchi. Mchi ukipanda, bana na toa pumzi. Mchi ukishuka, achia. Wenye kizazi kilichoshuka kabisa hakuwadanganya. Aliwaandikia rufaa ya hospitali ya wilaya, na anayeogopa alimsindikiza mwenyewe.

Miezi mitatu, minne, Mageni akaacha kwenda bwawani. Wengine nao. Siyo wote, lakini wengi. Hayo ndiyo wanafunzi walikuwa wanayaona, na hayo ndiyo walirudi nayo chuoni.

Sasa tumrudie Rhoda. Naomba msimhukumu bado. Mtamhukumu baadaye, nafasi itakuwepo.

Miaka mitatu iliyopita chuo kilitaka kujua wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaelewa nini kuhusu afya ya sakafu ya nyonga. Wakagawa dodoso. Wanafunzi sitini na wanne. Kwenye kutaja majina ya misuli, karibu wote walipata. Rhoda alikuwa anatembea kifua mbele kwenye korido. Kisha ikaja sehemu ya pili. Kila mmoja aitwe peke yake, aambiwe, huyu hapa mama amejifungua wiki sita zilizopita, mfundishe zoezi.

Waliokaza makalio, walikaza. Waliozuia pumzi mpaka macho yakawatoka, walizuia. Wengi walimwambia mama aende chooni, aanze kukojoa, akate katikati, na afanye hivyo kila siku kama zoezi. Jambo hilo si zoezi la kila siku, linaweza kumletea mama shida ya kibofu. Lakini ndivyo walivyofundishwa. Na aliyewafundisha alikuwa Rhoda, na Rhoda alifundishwa hivyo hivyo na wa kabla yake.

Kati ya sitini na wanne, tisa ndio waliweza. Narudia. Wanafunzi sitini na wanne, walioweza kumfundisha mama ni tisa. Na wote tisa walikuwa wamepita kwa Bernadina.

"Niliisoma ile karatasi nimesimama," Rhoda alisema. "Nikaisoma tena nimekaa. Nilitafuta hata mmoja, mmoja tu, ambaye hakupita kwake. Hakuwepo. Nikasikia kama nimevuliwa nguo."

Mtu mwingine angefunga safari kwenda Nyarugusu siku ile ile akajifunze. Rhoda alikuwa ndiye anayepanga orodha ya vituo vya fildi. Akachukua orodha, akaifuta zahanati ya Bernadina. Sababu akaandika kwamba kituo hakina malazi ya wanafunzi. Ni kweli hakikuwa nayo. Hakikuwa nayo kwa miaka yote kumi na sita, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kukosa pa kulala.

Awamu ikapita. Bernadina akapiga simu. "Rhoda wangu, habari za huko? Wanafunzi wangu mbona siwaoni?"

"Ni mambo ya uongozi," Rhoda akajibu. "Hata mimi sikuulizwa."

"Sawa. Basi mwaka ujao."

Mwaka uliofuata hawakuja. Na mwaka uliofuata tena hawakuja. Miaka mitatu, hakuna mwanafunzi aliyekanyaga pale. Hesabuni wenyewe ni wauguzi wangapi wametoka kwenda Maswa, kwenda Bukombe, kwenda Mbogwe, hawajui kumfundisha mama kubana, kwa sababu ya kalamu ya mtu mmoja mwenye wivu.

Lakini wasikilizaji, kuna jambo hamjalijua, na Rhoda ndiye aliyesema nilitaje. Rhoda mwenyewe alikuwa anavujwa na mkojo.

Ndiyo. Mkufunzi. Ilianza alipomzaa mtoto wake wa tatu, jina lake Januari, aliyezaliwa na kilo nne na nusu. Miaka kumi na moja alikaa nayo. Alivaa sketi nyeusi tu. Kanisani aliacha kwaya, yeye aliyekuwa sauti ya kwanza, kwa sababu noti ya juu ilikuwa inamsaliti. Aliacha kucheka. Wanafunzi wakampa jina, Madamu Simenti, na yeye akaliacha liendelee, afadhali waseme ana roho ngumu kuliko waseme lile lingine. Lile zoezi la kukata mkojo alilifanya miaka kumi na moja, asubuhi na jioni, na halikumsaidia kitu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ulimwonea wivu kwa sababu ya wanafunzi?"

Akatikisa kichwa. "Kicheko, Vumilia. Bernadina amezaa wanne na alikuwa anacheka mpaka anajipiga mapajani. Kwenye semina, mbele ya watu, anacheka amesimama, miguu imeachana. Mimi nikimwangalia nilikuwa natamani alowe. Mungu anisamehe. Nilikuwa nasubiri alowe."

Hapo mimi mwenyewe nilizima kipaza sauti kidogo.

Mwaka huu mwezi wa tatu kulikuwa na semina ya wakunga, Geita mjini. Wote wawili walikuwepo. Wakati wa chai, Rhoda alibanwa na chafya. Kabla haijatoka akakunja mguu mmoja juu ya mwingine haraka, kama alivyozoea. Akainua macho, akakuta Bernadina anamtazama. Mtu anayewajua watwangaji wa mawe, hilo la mguu lingempita wapi?

Bernadina akasogea na kikombe chake, akasema polepole, wasisikie wengine, "Rhoda wangu, njoo kwangu Jumamosi moja. Uje na kanga tu. Hutajuta."

Rhoda akamjibu, na maneno haya aliniomba niyasome kama yalivyo, "Nina shahada mbili, Bernadina. Nikija kwako nije kujifunza nini? Kutwanga?"

Bernadina hakukasirika, au kama alikasirika alimeza. Akasema, "Nitakuwepo." Akaenda kuongeza sukari.

Miezi sita ikapita. Chuoni kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, Violeth. Kama mnakumbuka nilisema Bernadina alimwita Mageni Mama Violeth. Ndiye huyo, binti wa mtwangaji wa mawe. Siku moja Rhoda anafundisha, amefika kwenye zoezi la kukata mkojo, Violeth akasimama.

"Samahani, Madamu. Mama yangu alifundishwa tofauti, na alipona."

"Na nani?"

"Na Mama Nelly, wa zahanati ya kwetu."

Rhoda akamtoa nje. Akamwambia darasani hapa tunasoma sayansi, hatusomi habari za mwaloni. Violeth akachukua daftari lake, akafika mlangoni, akageuka. Akasema kwa adabu kabisa, "Madamu, mama yangu alikuwa anajimwagia maji machafu miaka minane ili sisi watoto tusijue. Sasa hivi hajimwagii. Mimi sijui sayansi ni ipi." Akatoka.

"Niliendelea kufundisha," Rhoda alisema. "Nilipomaliza nikaingia ofisini nikajifungia. Nilikuwa nimelowa. Nilikuwa nimesimama nafoka, na nikafoka mpaka nikalowa. Nikajiona mjinga mwenye shahada mbili."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili baada ya misa Rhoda akapiga simu. Bernadina akapokea, kwa nyuma watoto wanapiga kelele. Rhoda alikuwa amepanga maneno mengi. Yakatoka machache. "Nitakuja Jumamosi."

Bernadina akacheka kile kicheko chake. "Njoo. Nitakuchinjia kuku. Na Rhoda, uje asubuhi, mchana jua kali."

Rhoda alitaka kusema la orodha. Ilikuwa mdomoni kabisa. Akasema moyoni, la orodha nitamwambia uso kwa uso, Jumamosi. Mambo ya aibu hayasemwi kwenye simu.

Jumanne, saa nne asubuhi, Bernadina akaketi na hakuinuka tena.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Rhoda hakwenda. Alisikia habari, akavaa, akavua, akavaa tena, akabaki nyumbani. Aliogopa watu wangemwona analia wakamwita rafiki wa marehemu. Jumamosi ilipofika, alikwenda. Alikuwa ameahidi Jumamosi.

Aliwakuta wanaomboleza bado, wanawake wamejaa uani, watwangaji wengi. Marcel, mume wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe. Rhoda akampa pole. Halafu, bado amesimama, akamwambia. "Shemeji, mimi ndiye niliyewakatalia wanafunzi kuja hapa. Siyo uongozi. Ni mimi."

Marcel ni mtu wa maneno machache, hata nami alinijibu kwa shida. Lakini haya aliyarudia mbele yangu, na mimi nawarudishia ninyi. Alimwambia Rhoda, "Alijua. Aliyemwambia ni mtu wa ofisini kwenu. Hujui kitu kimoja wewe. Mke wangu alikuwa anakuonea wivu."

Rhoda akadhani hakusikia vizuri.

"Mara tatu ameandika barua kuomba kuwa mkufunzi. Mara tatu wanamjibu elimu yake haitoshi. Kila barua ikirudi anashinda siku mbili haongei na mtu. Ananiambia, Rhoda ana watoto sitini darasani, mimi Mungu kanipa watatu tu kwa mwaka, lakini hao watatu nitawafundisha. Wewe ukaja ukachukua na hao watatu."

"Naomba unisamehe, shemeji."

"Leo siwezi," Marcel akasema. "Labda siku nyingine utaniuliza. Leo kaa, watakuletea chai."

Rhoda akakaa. Wanawake wakampisha kwenye mkeka. Aliyeketi pembeni yake alikuwa Mageni, naye alimjua vizuri ni nani, mwanawe alikuwa amesimulia yote ya darasani. Akamsalimia tu. Baada ya muda Rhoda akapaliwa na chai, akakohoa, akakunja mguu. Mageni akaona.

Mageni hakusoma zaidi ya darasa la nne. Akamsogelea mkufunzi sikioni, akamwambia, "Madamu, uko mbele ya mama mkwe." Akamfundisha pale pale msibani, wamekaa kwenye mkeka, wamejifunika kanga, watu wengine wanaimba tenzi. Makalio usikaze. Pumzi usizuie. Achia. Tena. Rhoda alikosea mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Ya nne akausikia ule msuli. Miaka yote ya ualimu wake ameuchora ubaoni kwa chaki ya rangi, ndiyo mara ya kwanza anausikia. Akalia kwa sauti, na wanawake wakadhani analia kwa ajili ya marehemu. Hawakukosea.

Jumatatu alisimama mbele ya darasa. Akamwita Violeth akaketi mbele. Akawaambia wanafunzi wote, niliwafundisha makosa, futeni. Akawaambia na la kwake la miaka kumi na moja, bila kuficha. Hakuna aliyecheka, na siku hizi hakuna anayemwita Simenti. Wiki iliyofuata Mageni alikuja chuoni, akafundisha somo zima na mchi wake wa chuma, wanafunzi wanauinua mmoja mmoja. Orodha ya fildi imerudishwa. Wanafunzi kumi na wawili wanakwenda zahanati ile mwezi ujao, na Marcel amekubali kutengeneza vitanda. Ila wa kuwapokea kama alivyowapokea Bernadina hayupo.

Nilimuuliza Rhoda, wivu umeisha? Nilidhani atasema ndiyo, kipindi kiishe vizuri.

"Haujaisha," alisema. "Juzi walimpigia Mageni makofi, darasani kwangu, mimi nimekaa benchi la nyuma. Mimi hawajawahi kunipigia. Niliumia, Vumilia, nisikudanganye. Lakini sikutoka nje. Niliendelea kubana na wenzangu mpaka kipindi kikaisha."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote hapa redioni natoa pole kwa Marcel, kwa Nelly na wadogo zake watatu, kwa ukoo wote wa Kagongwa, na kwa watwangaji wa mawe waliompoteza mama yao. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Kina mama mnaojimwagia maji, nendeni zahanati, semeni. Wauguzi mnaosoma, msikubali kutoka chuoni na majina ya misuli tu, ulizeni mama anafundishwaje.

Na kwako wewe unayenisikiliza. Yupo mtu anayekuzidi kitu, na wewe umemfungia njia mahali, kimyakimya, kwa kalamu au kwa mdomo. Unamjua. Jina lake limekujia sasa hivi. Simu unayo mkononi. Usimwambie Jumamosi.